Rachel Carson na Yai la Ndege Msafiri

Kila ifikapo Septemba, mbayuwayu na vitwitwi kutoka Ulaya na Asia huanza kuwasili katika sehemu zetu. Hutua kwenye mabwawa ya majitaka ya Thika na kuruka juu ya mikahawa ya Ruiru, wakila wadudu hadi Machi au Aprili, ndipo warudi kwao kutaga. Wanafunzi wetu hufundishwa safari hiyo. Ni nadra kuambiwa kwamba yai litakalotagwa huko kaskazini laweza kubeba sumu iliyoliwa huku kwetu. Aliyeufumbua macho ulimwengu kuhusu jambo la namna hii ni Rachel Carson, na maisha yake yanastahili nafasi kubwa zaidi madarasani.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 mjini Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mamaye, aliyepata kuwa mwalimu, ndiye aliyemzoesha kuwatambua ndege. Alipata shahada ya uzamili ya elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932. Babaye alipofariki mwaka 1935, mzigo wa familia ulimwangukia, akaingia idara ya serikali ya uvuvi na kuandika vipindi vya redio. Kitabu chake juu ya bahari, cha mwaka 1951, ndicho kilichomwezesha kuacha kazi ya ofisi.

Januari 1958 rafiki yake wa Massachusetts alimwandikia akilalamika kwamba ndege walikufa baada ya eropleni kunyunyiza DDT ili kuua mbu. Carson akachunguza kwa miaka minne, na Septemba 1962 kikatoka kitabu chake Silent Spring. Humo alieleza, pamoja na mengine, habari ya Charles Broley, mstaafu wa benki kutoka Kanada aliyewavisha pete miguuni zaidi ya makinda elfu moja ya tai huko Florida. Pete hizo zilithibitisha kuwa tai husafiri hadi Kanada. Kisha, tangu mwaka 1947, makinda yakaanza kuadimika viotani.

Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali, na wapo waliomkejeli kwa kuwa ni mwanamke tu. Ni uzushi, hata hivyo, kudai kwamba alitaka dawa zote zipigwe marufuku. Alichopinga ni kunyunyiza kiholela. Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti huku akiugua saratani, jambo ambalo hakulitangaza. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56.

Hakuishi kuuona ushahidi mzito kuliko wote. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza, kwa kupima mayai yaliyohifadhiwa miaka mingi, alidhihirisha kuwa kaka la yai la kozi lilikuwa limekonda tangu DDT ianze kutumika. Mama akiliatamia, linapasuka. Marekani ikaipiga DDT marufuku mwaka 1972, lakini viwanda vyake vikaendelea kuiuza ng'ambo. Matokeo yake yalionekana mwaka 1982, watafiti walipotangaza kuwa kozi wa kike waliorudi kaskazini kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati walikuwa na mabaki mengi zaidi katika damu kuliko walipoondoka. Sumu hii hujificha katika mafuta ya mwili. Safarini ndege huyachoma mafuta hayo, sumu ikaingia katika damu, na jike atagapo huihamishia nyingine katika kiini. Sheria ya nchi moja haikutosha kulilinda yai.

Kenya iliipiga DDT marufuku katika kilimo mwaka 1986, na mwaka 2004 ikaridhia Mkataba wa Stockholm. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilikuwa kimetoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa unaoozesha buni changa pamoja na kutu ya majani. Dawa za maradhi hayo si DDT, ni kweli, lakini mti usiohitaji kunyunyiziwa sana ni suluhisho la aina aliyoipendelea Carson.

Mwalimu wa Thika amfundishapo Carson, na aanzie hapo, kisha awapeleke wanafunzi mabwawani mwezi Machi, vitwitwi wanapokula kwa pupa. Mafuta wanayojiwekea siku hizo, pamoja na chochote kilichomo katika matope yale, ndiyo masurufu yao ya kwenda kutaga.