Maisha ya Askofu Comenius, Mwalimu wa Watoto

Wasomaji wengi wa Mbeya na Iringa wanalijua Kanisa la Moravian, ambalo watumishi wake walifika Rungwe katika mwaka 1891, mwaka ule ule walipofika Walutheri wa Berlin katika nchi ya Wanyakyusa. Walakini si wote wajuao ya kuwa kanisa hilo zamani lilikuwa na askofu mmoja aliyewaonyesha walimu njia ya kumfundisha mtoto habari za mimea na wanyama. Jina lake ni Jan Amos Comenius.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Cheki. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akabaki yatima. Hata alipokuwa na miaka 16 ndipo alipoingia shule ya Kilatini. Huko watoto walikaririshwa maneno wasiyoyafahamu, nao walipokosa walipigwa fimbo. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Akasoma Ujerumani, na katika mwaka 1616 akawekewa mikono awe mchungaji. Baadaye akapewa usharika wa Fulnek pamoja na shule yake. Lakini katika mwaka 1618 vikaanza vita vilivyodumu miaka 30. Askari wakauteka mji, vitabu vyake vikapotea. Kisha tauni ikamwua mkewe na watoto wao wawili. Katika mwaka 1628 akakimbilia Leszno, katika nchi ya Poland, asikae tena katika nchi yake.

Huko ugenini akafundisha na kuandika. Fundisho lake kubwa ni hili: mtoto kwanza akione kitu chenyewe, akiguse na kukinusa, ndipo aambiwe habari zake. Tena afundishwe kwanza kwa lugha ya mama yake. Wasichana wasome kama wavulana, na maskini kama matajiri. Nao akina mama aliwaagiza wamwonyeshe mtoto mti, mvua na ng'ombe kabla hajaenda shule.

Katika mwaka 1656 mji wa Leszno ukachomwa moto, na maandiko yake ya miaka mingi yakateketea. Alikuwa mzee wa miaka 64, naye akahamia Amsterdam. Hata hivyo hakuacha kazi. Katika mwaka 1658 kitabu chake kiitwacho Orbis Sensualium Pictus kilipigwa chapa Nuremberg, kwa Kilatini na Kijerumani. Kilikuwa na picha zipatazo 150. Herufi zilifundishwa kwa sauti za viumbe, kama kunguru na kondoo; kisha zikafuata habari za maua, nafaka, ndege, nyuki, samaki na mwili wa mwanadamu. Kila sehemu ya picha ilitiwa namba, na kwa namba hiyo mtoto alipata jina lake katika maneno yaliyoandikwa. Maana kitu kisichoweza kuletwa shuleni, picha yake na isimame mahali pake.

Comenius alifariki Amsterdam katika Novemba 1670, akazikwa Naarden. Kanisa lake lilikuwa karibu kuzimika. Lakini mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, aliyekuwa askofu, alimwekea mikono askofu mpya katika mwaka 1735, na hivyo uaskofu ule wa zamani ukawafikia Wamoravian ambao baadaye walituma watu Rungwe.

Basi, mwalimu wa nyanda zetu za juu hana haja ya kungoja picha kutoka mbali. Haragwe likilazwa juu ya kitambaa chenye maji, baada ya siku chache watoto wataona mzizi ukitangulia kutoka, ndipo shina lifuate. Nyuki yuko katika ua la alizeti, na mgomba uko nyuma ya shule. Mtoto akariripo sehemu za ua, naye hajapata kulishika ua lo lote mkononi, angali katika shule ile ile aliyosomea yatima wa Moravia.