Luigi Broglio: Mtaliano aliyerusha roketi kutoka bahari ya Malindi, na tarehe iliyogoma kufika

Ukifuatilia roketi mpya kwenye simu utakuwa umeshazoea. Jana uliambiwa inaruka leo, leo unaambiwa ni keshokutwa, kesho unasikia imesogezwa hadi mwezi ujao. Kwa mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi hilo si jambo geni. Mvua za Singida kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba, ila hakuna mwenye uwezo wa kuzipangia siku.

Roketi nazo ni hivyo hivyo. Tarehe inayotangazwa mara nyingi maana yake ni “si kabla ya siku hii”. Upepo wa juu ukiwa mkali, kifaa kimoja kikionyesha kipimo kisichoeleweka, au meli ikiingia eneo la hatari, shughuli inasimama.

Mtu mmoja aliishi na kalenda ya aina hiyo karibu maisha yake yote ya kazi. Anaitwa Luigi Broglio, na kazi yake kubwa aliifanyia Afrika Mashariki.

Kijana wa Mestre

Broglio alizaliwa Novemba 1911 huko Mestre, jirani na Venice, Italia. Alisomea uhandisi Roma, kisha akaingia Jeshi la Anga kama mhandisi. Wajerumani walipoikalia Roma mwaka 1943, alijiunga na watu waliokuwa wakiwapinga.

Vita vilipoisha alirudi darasani. Mwaka 1952 akawa mkuu wa shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma, maarufu kama Sapienza. Baadaye alisimamia urushaji wa roketi ndogo za utafiti kwenye kisiwa cha Sardinia. Hizi zinapanda, zinapima hewa ya juu, halafu zinaanguka. Haziwezi kubaki angani kuizunguka Dunia.

Broglio alitaka zaidi ya hapo.

Mpango wa hatua tatu

Mwaka 1961 serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani ilikubali mpango wake, ulioitwa San Marco. Mwaka uliofuata Italia ilielewana na Marekani. Marekani ingetoa roketi na mafunzo, Italia ingetengeneza setilaiti na sehemu ya kurushia.

Roketi yenyewe iliitwa Scout. Ilikuwa na urefu wa mita 20 na ushee tu. Linganisha na Saturn V iliyopeleka watu Mwezini, ambayo ilikuwa na mita 110. Mafuta ya Scout yalikuwa yabisi, yaani yameganda kama mpira mgumu, na ilipanda kwa vipande vinne vilivyowaka kimoja baada ya kingine.

Akili ya Broglio ilionekana kwenye mpangilio. Hakukimbilia kurusha setilaiti moja kwa moja kutoka baharini. Alianza na roketi ndogo za majaribio, ikafuata setilaiti iliyorushwa Marekani na timu yake ya Waitaliano, na mwisho kabisa ndipo safari ya Ikweta. Hatua moja ikichelewa, watu waliendelea kujifunza kwenye hatua waliyopo.

Kwa nini Malindi na si Manyoni?

Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta kasi yake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo inapata msukumo wa bure. Kwa roketi ndogo kama Scout, msukumo huo una maana kubwa.

Sasa utauliza: mbona Singida nayo iko karibu na Ikweta? Ni kweli, tupo chini ya nyuzi 5 kusini. Shida ni kwamba vipande vya roketi vilivyomaliza mafuta huanguka njiani. Ukirusha kutoka Manyoni kuelekea mashariki, chini yako kuna Dodoma na watu wake. Ukirusha kutoka pwani ya Kenya, chini ni Bahari ya Hindi.

Ndiyo maana Broglio alichagua ghuba ya Ngwana, kaskazini mwa mji wa Malindi. Badala ya kujenga nchi kavu aliweka majukwaa ya chuma yenye miguu iliyosimama kwenye sakafu ya bahari. La kwanza, Santa Rita, awali lilitengenezwa kwa kazi ya mafuta. La pili, San Marco, lilitoka Marekani likikokotwa kuvuka bahari.

Maandalizi yalianza Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza. Nchi ilipata uhuru Desemba 12, 1963, na Machi 1964 roketi ndogo za Nike Apache zikaanza kuruka kutoka Santa Rita. Desemba 15 mwaka huo huo, timu ya Broglio ilirusha setilaiti ya San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani.

Aprili 26, 1967

Siku iliyokuwa ikisubiriwa ilifika Aprili 26, 1967. Scout iliruka kutoka baharini ikiwa na San Marco 2, na kwa mara ya kwanza duniani setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini. Ilikuwa imepita takribani miaka sita tangu mpango ukubaliwe.

Setilaiti hiyo ilibeba kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe. Ganda lake la nje lilishikiliwa na chemchemi ndogo, ili hewa nyembamba ya huko juu ikilisukuma, msukumo huo upimwe. Kwa njia hiyo wanasayansi walijua hewa juu ya Ikweta ina uzito kiasi gani.

Baada ya hapo Malindi ilishika kasi. Desemba 12, 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, iliruka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tarehe ambayo haikufika

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka Malindi. Ya mwisho ilikuwa San Marco 5, Machi 25, 1988. Broglio alitaka Scout iongezewe nguvu na iendelee kuruka kutoka hapo. Mpango wa roketi hiyo mpya ulijadiliwa kwa miaka, lakini haukufika jukwaani. Marekani nayo iliacha kurusha Scout mwaka 1994.

Broglio alifariki Roma, Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kinabeba jina lake, na sehemu yake ya nchi kavu inaendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti.

Italia ilipata roketi yake ndogo baadaye. Vega, iliyotengenezwa kwa uongozi wa Italia chini ya Shirika la Anga la Ulaya, iliruka mara ya kwanza Februari 13, 2012 baada ya kuchelewa kwa miaka kadhaa. Ila haikuruka Malindi. Iliruka Kourou, Guyana ya Ufaransa.

Kenya nayo ilipotaka kurusha Taifa-1, ilipanga foleni California, Marekani. Safari iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa kabla ya kuruka Aprili 15, 2023, ikiwa juu ya roketi ya kampuni ya SpaceX.

Hapo ndipo somo la Broglio linapouma. Kuchelewa kwenyewe hakukumshinda, maana alichelewa miaka na bado akafika. Kilichomshinda ni kwamba roketi haikuwa yake, na mwenye roketi ndiye mwenye kalenda. Afrika Mashariki ina Ikweta na ina bahari upande wa mashariki. Bado tarehe tunapangiwa na wengine.