Mwalimu Aliyekataa Kupekua Vyumba

Muhula uliopita nilikuwa mwakilishi wa bweni. Usiku mmoja, kama saa tano hivi, niliitwa chini nikakabidhiwa tochi. Kazi ilikuwa kuzunguka na walinzi chumba kwa chumba, kutafuta hita, majiko ya umeme na waliobebwa, yaani wale wenzetu waliokosa chumba wakawa wanalala na rafiki zao kitanda kimoja. Nilizunguka. Niligonga milango, na kwa kuwa sauti yangu inajulikana, watu walifungua bila wasiwasi. Usiku ule wenzetu sita walitoka na mabegi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa najiandaa kwa semina ya historia ya Ulaya ya karne ya 19, nikakutana na jamaa anaitwa Hipolit Cegielski. Nilipofika mwaka 1846 wa maisha yake nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Naomba nimsimulie, maana huku kwetu hasikiki kabisa, wakati kwao Poland kila mtu anamjua.

Kwanza mahali. Wakati Cegielski anaishi, Poland haikuwepo kwenye ramani. Kati ya 1772 na 1795 majirani zake watatu, Urusi, Austria na Prussia, waliigawana mpaka ikaisha. Poznań, mji mkongwe wa Wapolandi kando ya mto Warta, uliangukia kwa Prussia mwaka 1793. Vita vya Napoleon viliuchomoa kwa miaka michache, halafu 1815 ukarudi kwa mfalme wa Berlin. Prussia ndiyo iliyokuja kuunda Ujerumani mwaka 1871, Ujerumani hiyo hiyo iliyotua pwani yetu miaka ya 1880, kwa hiyo hawa watawala si wageni sana kwetu.

Kwenye mji huo Mpolandi alikuwa kama mpangaji ndani ya nyumba ya baba yake. Ofisi na jeshi vilikuwa vya Wajerumani, na biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa Wajerumani na Wayahudi. Kuanzia 1828 Prussia ilijenga ngome kubwa kaskazini mwa mji. Chuo kikuu hakikuwepo, na serikali haikutaka kiwepo. Kijana wa Poznań aliyetaka shahada alikwenda Berlin au Breslau akasome kwa lugha ya mtawala. Chuo kikuu kilikuja kufunguliwa pale Poznań mwaka 1919, Wajerumani wakiwa wameshaondoka.

Cegielski alizaliwa tarehe 6 Januari 1813 katika kijiji cha Ławki, karibu na mji mdogo wa Trzemeszno. Ukoo ulikuwa wa kimwinyi ila uliofilisika, jina likabaki na mfuko ukawa mtupu. Alisoma huku akifundisha wenzake twisheni ili ajikimu. Akafika Berlin, akasoma Kigiriki na Kilatini, na mwaka 1840 akapata udaktari wa falsafa. Tasnifu yake ilihusu ukanushi, yaani namna lugha inavyosema hapana. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba.

Akarudi Poznań kufundisha katika shule ya sekondari ya Maria Magdalena, ambako wanafunzi wengi walikuwa Wapolandi. Mwaka 1841 alimwoa Walentyna Motty, binti wa familia ya walimu. Akaandika sarufi ya Kigiriki, akaandika kuhusu vitenzi vya Kipolandi, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha kufundishia ushairi. Kwa kifupi, mtu wa vitabu, ticha wa kawaida mwenye mshahara wa serikali na watoto wadogo nyumbani.

Hapa lazima nimtaje daktari Karol Marcinkowski, maana bila yeye hadithi haikai sawa. Marcinkowski alipigana katika uasi wa 1830 na 1831 dhidi ya Urusi, akaona ulivyoshindwa, na aliporudi Poznań akashika njia nyingine. Mwaka 1841 alianzisha jumuiya ya kuchangishana fedha ili vijana wa Kipolandi wasio na uwezo wasomeshwe. Yaani boom, lakini inayotoka mifukoni mwa raia wenyewe badala ya hazina ya mtawala. Yeye na wenzake pia walijenga kwa hisa jengo lililoitwa Bazar, hoteli yenye maduka chini, ili mfanyabiashara wa Kipolandi apate mahali pa kuanzia katikati ya mji. Wazo lao lilikuwa kwamba taifa lisilo na serikali linaweza kuwa na shule, maduka na warsha zake.

Si wote waliokuwa na subira hiyo. Mwanzoni mwa 1846 uasi mwingine ulikuwa unapikwa chini kwa chini, kiongozi wake akiwa Ludwik Mierosławski. Mwezi wa Februari polisi wa Prussia walimkamata kabla hata haujaanza, na ukafuata msako. Mwaka uliofuata Wapolandi 254 walisimamishwa mahakamani Berlin. Katika msako huo wanafunzi nao walishukiwa, na ndipo walimu wakaagizwa waende wakapekue vyumba vya wanafunzi wao.

Fikiria jinsi agizo hilo lilivyokuwa na akili. Vijana waliotoka vijijini walipanga vyumba kwenye nyumba za watu mjini. Polisi akigonga, mtoto anaruka dirishani au anatupa karatasi motoni. Akigonga mwalimu, mtoto anafungua na pengine anamkaribisha kiti. Serikali ilikuwa na wapekuzi wa kutosha, ila ilitaka kuitumia ile imani ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Hili sikulisoma mahali, nililijua kutokana na tochi.

Cegielski alikataa. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa mwasi, na maisha yake yote ya baadaye yanaonyesha mtu wa mkondo wa Marcinkowski, asiyependa bunduki. Alikataa tu kwamba hiyo si kazi ya mwalimu. Akafukuzwa. Alikuwa na miaka 33, hajui kazi nyingine yoyote, na mwajiri wa walimu wote mjini alikuwa ni yule yule aliyemfukuza.

Mwaka huo huo alifungua duka la bidhaa za chuma ndani ya Bazar. Daktari wa Kigiriki anauza majembe! Kwa watu wa tabaka lake, kusimama nyuma ya kaunta ilikuwa aibu, na naamini wapo waliopita pale dukani wakijifanya hawamwoni. Mwezi Novemba Marcinkowski akafariki, kwa hiyo hata mlezi wa wazo lenyewe hakuwepo tena.

Duka likazaa karakana ya kutengeneza zana zilizoharibika. Karakana ikaanza kuunda plau, mashine za kupandia na za kupuria nafaka, mpaka ikawa kiwanda kinachounda injini za mvuke za kuvutwa shambani kwa farasi. Katikati ya hayo, uhuru wa habari ulipofunguka kidogo mwaka 1848, akaanzisha gazeti la Kipolandi lililodumu mpaka 1850. Na mwaka 1858 akatoa kitabu tena, safari hii kuhusu zana na mashine za kilimo. Ualimu haukumtoka, alibadilisha somo tu.

Kwenye semina mwenzangu mmoja alipinga. Alisema huyu bwana alinufaika kwa kufukuzwa, akawa bepari, na angetii angekufa mwalimu maskini. Hoja ina uzito kwenye hesabu. Lakini siku anakataa hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mke, watoto na barua ya kufukuzwa. Sisi ndio tunaosoma kitabu tukianzia ukurasa wa mwisho.

Alifariki tarehe 30 Novemba 1868, akiwa na miaka 55. Rafiki yake Władysław Bentkowski akakishika kiwanda mpaka mtoto wa marehemu, Stefan, alipokua. Bazar nayo iliendelea na kazi. Desemba 1918 mpiga piano Ignacy Paderewski alifikia hapo, na kesho yake, tarehe 27, Wapolandi wa Poznań wakaanza uasi ambao safari hii ulifanikiwa. Kiwanda kilikuja kubandikwa jina la Stalin, na tarehe 28 Juni 1956 wafanyakazi wake walitoka nje ya geti kudai haki zao, wakaanzisha maandamano yaliyozimwa kwa risasi. Mwaka huo huo jina la Cegielski likarudishwa.

Fomu za kugombea uwakilishi wa bweni zimeanza kutolewa tena wiki hii. Katika wale sita, wawili bado wanalala kwenye chumba cha kujisomea. Mmoja wao nakutana naye kwenye foleni ya chakula, na bado ananisalimia.