Maisha ya Habib Saleh wa Lamu na Jamaa Aliyoianzisha Langoni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa pwani, wengi katika nyinyi leo hamko tena pwani. Wako waliokwenda Tabora, wako waliokwenda Mwanza, na wako waliofika hata Katoro, katika nchi ya dhahabu ya Geita, wakafungua maduka na kupanga vyumba. Mahali kama hapo hukutana watu wa kila kabila, na karibu wote ni wageni. Mtu hukaa miaka kumi, naye bado husema kuwa yuko safarini. Basi wageni hao wakitaka kuanzisha jamaa ya dini, yenye msikiti wake na chuo chake, huulizana waanze na lipi: fedha, au jengo, au kiongozi? Jawabu bora ya suali hilo ni khabari ya mtu aliyelifanya jambo hilo kwa mkono wake, katika mji mgumu, na watu waliokuwa hawahisabiwi. Naye ni Habib Saleh wa Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

NASABA YAKE NA KUFIKA KWAKE LAMU

Yeye ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdallah Jamalilleyl, katika masharifu wa Kialawi. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, kisha wakaenea Pate na Visiwa vya Ngazija. Huko Ngazija ndiko alikozaliwa, katikati ya karne ya 19. Alipokuwa kijana alivuka bahari akaja Lamu, alikokuwako ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah. Mwishowe akaufanya mji ule kuwa ndio kwao.

Lamu katika zama hizo ilikuwa na wanazuoni wakubwa. Mmojawapo alikuwa Sayyid Mansab bin Abdurrahman, aliyeifasiri Maulidi ya Barzanji kwa tungo za Kiswahili. Kijana huyu wa Ngazija hakukuta mji wa majahili, bali alikuta mji wenye ilimu nyingi. Lakini ilimu ile ilikuwa na milango, na milango yenyewe haikufunguliwa kwa kila mtu.

HALI YA MJI WA LAMU

Mji wa Lamu ulikuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe na wangwana wenye nasaba zao. Upande wa kusini ni Langoni, penye nyumba za udongo na makuti, wakakaa huko wageni, maskini na wenye kazi za mikono. Mali ya wangwana ilitoka katika mashamba ya barani, na mashamba yale yalilimwa na watumwa.

Katika mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia mkono mkataba wa kuizuia biashara ya watumwa ya baharini. Katika mwaka 1890 Uingereza iliweka himaya yake juu ya nchi za Sultani, na katika mwaka 1907 sheria ya Waingereza iliuondoa utumwa katika pwani hii ambayo leo ni ya Kenya. Basi mambo yakageuka. Bwana alipungukiwa na mali, na mtumwa akapata uhuru. Lakini huo uhuru ulikuwa ni uhuru wa namna gani? Mtu alitoka katika nyumba ya bwana wake hali hana ukoo, wala hana shamba, wala hana darasa la kukaa. Alikuwa Muislamu kwa jina na kwa shahada, ila wachache mno walikuwa wamejishughulisha kumsomesha dini yake kama wasomeshwavyo watoto wa wangwana. Hatari ya jambo hili si ndogo. Mtu asiyekuwa na pa kukaa katika dini yake hutoka akaenda akapata pahali pengine.

KUKAA KWAKE LANGONI

Habib Saleh alikuwa sharifu, na sharifu katika Lamu alikuwa na nafasi yake tayari. Angetaka, angalikaa Mkomani, akapewa heshima, akaoa katika majumba makubwa, asingoje ila kubusiwa mkono. Yeye hakulitaka hilo. Alihamia upande wa Langoni, akakaa katika nyumba ya udongo na makuti kama za majirani zake, akawasomesha wale waliokuja kwake: watumwa na waliotoka utumwani, Washihiri waliokuja kutafuta riziki, Wangazija wenziwe, na watu wa makabila ya barani.

Hapa msomaji na asimame azingatie. Yeye hakuanza kwa kujenga msikiti kisha akawatafuta watu wa kuujaza. Alianza kwa kukaa na watu, akajuana nao, akawasomesha Kurani na fikihi, akawa jirani yao katika shida na furaha. Msikiti ulikuja baadae, wakati jamaa ilipokuwa imekwisha simama. Alipata kiwanja kilichotolewa waqfu, na karibu na mwaka 1900 ukasimama hapo Msikiti wa Riyadha.

NJIA ALIYOIFUATA

Jina la Riyadha halikuchukuliwa ovyo. Katika zama zile alikuwako Seiwun, katika Hadhramaut, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Mwanachuoni huyu alianzisha ribati, yaani nyumba ya wanafunzi, ambamo wageni watafutao ilimu walikaa, wakala na wakasoma pamoja. Karibu na ribati ile alijenga msikiti akauita Riyadh. Naye ndiye aliyeitunga Maulidi iitwayo Simtu Durar, ambayo kwetu hujulikana kwa jina la Maulidi ya Habshi. Habib Saleh alifungamana naye kwa barua na kwa ijaza, akaichukua njia yake, akaileta Lamu na akaipandikiza Langoni.

Maulidi ile ilisomwa Riyadha kwa sauti za pamoja na kwa matari. Wale waliokuwa wakisimama nje ya vikao vya wangwana sasa waliingia ndani, wakakaa katika safu, wakamsifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Watu waliokuwa wakikusanyika katika ngoma zao walipata mkusanyiko mwengine wenye furaha, na furaha yenyewe ikawavuta darasani. Ndiyo hikima yake. Hakuwaambia watu waache walichokipenda, kisha akawaacha mikono mitupu.

UPINZANI ALIOUPATA

Wako waliomchukia, na sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sababu ya dunia: wakubwa wa mji waliona vibaya kuwa mtumwa afunzwe yale ayajuayo bwana wake, na kuwa sharifu akae chini pamoja naye. Ya pili ni sababu ya dini: wako waliokataa matari kupigwa msikitini.

Katika sababu hii ya pili yafaa kuwafanyia watu insafu. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i dufu ni halali katika harusi na khitani, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni halali pia katika furaha nyengine. Neno lililobishaniwa khasa ni kulipiga ndani ya msikiti. Basi aliyekataa kwa dalili alikuwa na haki ya kusema, na aliyekataa kwa kiburi akajificha nyuma ya dalili, hisabu yake iko kwa Mola wake. Habib Saleh hakuuhama mji kwa sababu ya maneno, wala hakuiacha kazi yake. Aliendelea kusomesha, na miaka ikapita, hata Maulidi ya Lamu ikawa ni mkutano mkubwa wa kila Mfungo Sita, huendewa na watu kutoka pwani yote.

Lakini haifai kuandika sifa tupu. Wako waliotazama wakasema kuwa waliotoka utumwani walipata Riyadha mapenzi na ilimu, ila uongozi ulibaki katika nyumba ya sharifu. Maneno haya hayana uwongo. Baada ya Habib Saleh alisimama mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, kisha wengine katika kizazi chake. Mtu mwema huweza kuuvunja ukuta mmoja, na ukuta mwengine ukabaki, wala kubaki kwa huo hakuipunguzi thamani ya ule uliovunjwa. Atakaye kuifuata njia yake leo na aanzie pale alipoishia yeye.

KUFARIKI KWAKE

Habib Saleh alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu, na mpaka leo watu huzuru kaburi lake katika siku za Maulidi. Aliacha msikiti, na madrasa iliyowatoa walimu waliokwenda kusomesha miji mengi ya Afrika ya Mashariki, na khazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Zaidi ya hayo aliacha mtaa mzima wa watu ambao babu zao walikuwa hawana pa kukaa, na wao wana pao.

MAZINGATIO

Turejee sasa katika suali la wageni walioko Katoro na miji iliyo mfano wake. Katika maisha ya mtu huyu mna mambo manne.

La kwanza, kaeni kabla ya kujenga. Mji wa dhahabu hujaa na kupungua, na mtu akisikia kuwa pahali pengine pamechimbuka hufunga mizigo. Jamaa haijengwi na watu walio tayari kuondoka. Wapatikane wachache, hata watano, wenye nia ya kukaa, wawe ndio nguzo.

La pili, msitengeneze jamaa ya watu wa pwani peke yao. Huko mliko wako Wasukuma na Wazinza wenye nchi yao, na Waha na Wahaya mliokuja pamoja. Mpwani akijiona kuwa yeye ndiye mngwana wa dini, na aliyesilimu jana akawekwa mlangoni, basi mmeijenga Mkomani nyengine katika bara. Na huyo aliyesilimu jana akisoma akahitimu, na awe imamu.

La tatu, anzeni na darasa. Mwalimu mmoja, na mkeka, na watoto kumi ni mwanzo mwema kuliko mnara usiokuwa na msomeshaji. Mwalimu naye hula. Basi jamaa na ipange mapema atakula nini, asije akaliacha darasa akaenda kutafuta riziki machimboni.

La nne, ifungeni mali katika waqfu. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la mtu mmoja, siku akifa warithi wana haki yao, na jamaa hutawanyika. Waqfu hauuzwi, wala haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Uandikwe mbele ya mashahidi, awekwe msimamizi muaminifu, naye atoe hisabu kwa jamaa yake. Wangapi wameanza kwa mapenzi, wakafarikiana kwa sababu ya kiwanja!

Haya si mambo mazito. Mazito ni lile la mwanzo, nalo ni mtu mwenye nafasi ya juu kushuka akakaa kwa khiari yake na walio chini, asione kuwa amepungukiwa. Habib Saleh alilifanya hilo, na yaliyobaki yakaja moja baada ya jengine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu, azitie baraka jamaa zetu popote zilipo, na atujaalie tuwe katika wenye kuunga wala si katika wenye kukata. Amin.