Mark Donohue: shofere aliyejua mashini yake

Leo tunawaletea maisha ya mutu ambaye hakufanya kazi ya mine hata siku moja. Alikuwa shofere wa mashindano ya motoka kule Marekani, na amekufa zamani. Tumemuchagua kwa sababu mu kariyere tunaona vijana wengi wanaofikiri kwamba shofere muzuri ni yule anayekanyaga sana. Maisha ya Mark Donohue yanatufundisha mambo mawili. La kwanza, fosi peke yake haishindi. La pili ni chungu zaidi, tutalisema ku mwisho.

Donohue alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tatu 1937, mu jimbo la New Jersey. Alisomea uingeniere wa mashini katika Chuo Kikuu cha Brown, akamaliza mwaka 1959. Akiwa bado mwanafunzi alinunua motoka aina ya Corvette, akaanza kushindana nayo. Mwaka 1961 akachukua ubingwa wa taifa wa mashofere wasiolipwa, akiendesha motoka ndogo inayoitwa Elva Courier. Aliyemushika mukono katika kazi hii ni Walt Hansgen, shofere mukubwa wa wakati ule. Mwaka 1966 Hansgen akafa mu majaribio kule Le Mans, Ufaransa. Muda kidogo nyuma yake, Roger Penske, shofere wa zamani aliyekuwa amefungua ekipe yake, akamuita Donohue. Kutoka siku ile wawili hawa wakafanya kazi pamoja mpaka kifo.

Donohue hakuwa mutu wa kelele. Wengine walikuwa wanafika ku mashindano, wanaingia mu motoka, wanaanza kupigana nayo. Kama inateleza, wanaikaza kwa mikono. Kama haitaki kukata kona, wanaisukuma kwa nguvu. Yeye alikuwa anauliza kwanza: juu ya nini inateleza? Alikuwa anazungusha motoka kwenye duara kubwa, mara nyingi, saa baada ya saa, akipima mapine yanashika namna gani. Halafu anabadili kitu kimoja tu. Pengine resori, pengine hewa ya mapine, pengine bawa la nyuma linalokandamiza motoka chini. Anapima tena, anaandika. Kitu kimoja kwa mara moja, njo siri yake. Mutu akibadili vitu vitatu pamoja, hawezi kujua ni kipi kimeponya na kipi kimeharibu. Fundi yeyote wa garaje ya mine anajua jambo hili.

Hatutaki kumufanya malaika. Mu miaka ya 1960 ekipe yake ilichovya bodi ya Camaro ndani ya asidi ili mabati yawe membamba na motoka iwe nyepesi. Ilikuwa njia ya ujanja, karibu na wizi, na yeye mwenyewe aliieleza bila kuficha mu kitabu chake cha mwaka 1975. Mu kitabu kile alihesabu makosa yake moja moja. Si kila bingwa anafanya vile.

Ushindi ulikuja. Mwaka 1969 alishinda masaa 24 ya Daytona pamoja na Chuck Parsons. Mwaka 1972 alishinda Indianapolis, mashindano ya maili 500, yaani mizunguko 200. Muangalie hapa: katika mizunguko ile 200, yeye alikuwa mbele katika mizunguko 13 tu, ile ya mwisho. Mwenzake wa ekipe moja, Gary Bettenhausen, aliongoza sehemu kubwa ya siku, halafu mashini yake ikakataa. Donohue alikuwa ametunza motere yake. Walioikamua kuanzia asubuhi walibaki pembeni.

Mwaka ule ule alipata ajali mu majaribio kule Road Atlanta. Alikuwa anajaribu Porsche mupya, kifuniko cha nyuma kikang'oka mu mwendo mukali, na goti likaumia vibaya. George Follmer akapewa motoka yake na akachukua ubingwa. Donohue akarudi kazini. Akashinda ku Ujerumani pamoja na waingeniere wa Porsche wakitengeneza motoka mupya, 917/30, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 1,000. Tatizo la motere ile lilikuwa kuchelewa: unakanyaga, hakuna kitu, halafu nguvu yote inafika kwa mara moja na kukutupa inje ya barabara. Walifanya kazi polepole mpaka motere ikaanza kutii muguu. Mwaka 1973, katika mashindano 8 ya Can-Am, Donohue alishinda 6.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tunalipenda kuliko yote. Mwisho wa mwaka 1973, Penske na wenzake walitengeneza mashindano mapya. Waliita mashofere 12 wakubwa kutoka kila aina ya mbio: wa Formula 1 kama Emerson Fittipaldi na Denny Hulme, wa Indianapolis kama A.J. Foyt na Bobby Unser, wa motoka nzito za NASCAR kama Richard Petty na David Pearson. Wote wakapewa motoka ya namna moja, Porsche 911 Carrera RSR. Zililetwa 15, zote sawasawa. Hakuna shofere aliyeruhusiwa kuchezea resori wala bawa. Mutu na usukani wake, basi.

Wengi walifikiri hapa Donohue amekwisha. Nguvu yake ilikuwa matengenezo, na matengenezo yamekatazwa. Tena motoka ile si rahisi. Motere yake inakaa nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu. Ukiingia kona na moto mwingi, halafu ukaogopa na kutoa muguu kwa haraka, ule muzigo wa nyuma unataka kupita mbele, na motoka inageuka. Shofere wa hasira anapigana nayo, anaumiza mapine, anapoteza wakati. Anayeijua anamaliza kazi ya freni mapema, anageuza usukani polepole, halafu anarudisha moto kidogo kidogo ili uzito ukandamize nyuma na mapine yashike.

Mashindano matatu yalifanyika Riverside, California. Donohue alishinda ya kwanza na ya tatu. Ya pili aliichukua Follmer. Sita wakabaki kwa fainali ya Daytona, mwezi wa pili 1974. Donohue akashinda tena. Kweli, alikuwa anaijua Porsche kuliko wengine. Lakini kujua hakukuanguka kutoka mbinguni; alikupata kwa saa zile za kuzunguka na kuandika. Waliweza kumukatalia funguo za garaje, hawakuweza kumunyanganya akili ya fundi. Nyuma ya ushindi ule akaacha mashindano.

Lakini hakuweza kukaa. Mwisho wa 1974 akarudi, akaingia Formula 1 na ekipe ya Penske. Motoka haikuwa nzuri, wakainunua nyingine, ya kampuni March. Tarehe 9 mwezi wa nane 1975, kule Talladega, aliendesha ile Porsche ya zamani na kuweka rekodi ya dunia kwenye njia ya kuzunguka: kilometa zaidi ya 355 kwa saa. Siku 8 nyuma yake alikuwa Austria. Asubuhi, katika mazoezi ya mwisho mbele ya mashindano, pine ya mbele ikapasuka mu kona ya mbio. Motoka ikaruka kizuizi. Mufanyakazi mumoja wa barabara, aliyekuwa amesimama pale ku kazi yake, aliuawa. Donohue alionekana muzima, alikuwa anazungumza. Halafu kichwa kikaanza kuuma, damu ilikuwa inavuja ndani. Alikufa mu hospitali ya Graz tarehe 19. Alikuwa na miaka 38.

Njo jambo la pili tuliloahidi. Mutu huyu alipima kila kitu, alitunza mashini kuliko mutu yeyote wa wakati wake, hakuendesha kwa hasira. Alikufa juu ya pine. Familia yake haikukubali kwamba ni bahati mbaya tu. Walikwenda mbele ya mahakama kuishitaki kampuni ya mapine, na mwaka 1984, miaka 9 nyuma ya ajali, mahakama ya Rhode Island ikawapa haki. Na yule mufanyakazi wa barabara? Jina lake halimo mu vinywa vya watu. Hakuwa na usukani, hakuwa na kombe. Alikuwa ku kazi.

Sisi wa sendika tunasema hivi kwa mashofere wetu wa kamio kubwa. Muige Donohue: asubuhi muzunguke mashini, muangalie mapine, freni, resori, muandike mu kitabu. Kukanyaga sana si ubingwa, ni kuongeza kaburi. Lakini wakubwa pia wasikie: shofere akiandika kwamba pine imechoka, ile karatasi si ya kuweka chini ya meza. Uangalifu wa mufanyakazi hauwezi kuziba pine mbovu. Shofere akikataa kupanda mashini isiyo na usalama, si muvivu. Anarudi ku nyumba, na watoto wake wanamuona.