Allan Cormack, Msomaji wa Yaliyofichika

Mgonjwa wa Thika au Ruiru alalapo katika mashine ya CT, hunufaika na fikra za mwana wa Afrika ambaye wengi hawamjui. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956, akifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town, aliitwa kusimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Huko swali likamkaa moyoni: kila mwale upenyao mwilini hutoa jumla tu ya vilivyouzuia njiani, je, kwa kukusanya jumla hizo, yaweza kujulikana kilichomo katika kila nukta? Akapata kanuni, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Wachache mno waliijali. Baadaye akabaini kuwa Johann Radon wa Austria alikwisha lifumbua fumbo hilo mwaka 1917.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, aliyeunda mashine yenyewe. Hakubweteka. Mwaka 1981 alionyesha kuwa hata njia zikipinda, kama vile duara zipitazo nukta moja, kilichofichika chaweza kupatikana. Alifariki mwaka 1998. Elimu yake ilipuuzwa kwa miaka, lakini haikupotea.