Dally Messenger
Herbert Henry "Dally" Messenger (12 Aprili 1883 – 24 Novemba 1959) alikuwa mchezaji wa raga kutoka Sydney, Australia.

Mwaka 1907 aliichezea Australia raga ya wachezaji 15, ambayo ilikataza malipo, dhidi ya Nyuzilandi. Agosti mwaka huohuo alihamia raga ya kulipwa. Timu ya Nyuzilandi, iliyobezwa kwa jina la All Golds kwa sababu ya fedha, ilipitia Sydney ikielekea Uingereza ikamchukua, akiwa Mwaustralia pekee katika msafara. Kuzaliwa kwake Balmain hakukuwa kizuizi; kilichotakiwa ni mguu wake wa kufunga mabao na jina lake lililojaza viwanja. Mwanzoni mwa 1908 alicheza mechi zote tatu za kimataifa dhidi ya Uingereza, na Nyuzilandi ikashinda mbili.

Tarehe 9 Mei 1908, mjini Sydney, alivaa jezi ya Australia katika mechi ya kwanza ya taifa hilo ya raga ya ligi. Wapinzani walikuwa wenzake walewale wa safarini. Nyuzilandi ilishinda 11–10.

Rekodi zinampa mechi tatu za Nyuzilandi na saba za Australia. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Australia inaitwa Dally M kwa heshima yake.